Sauti Mpya ya Kamyo ya Papa

Kuna kijana jirani yangu hapa Goma, ana gari ndogo anayoipenda kuliko chakula. Kila Jumamosi asubuhi anafungua boneti, anageuza hiki, anakaza kile, anawasha, anasikiliza. Juzi alikata bomba la moshi makusudi ili gari ingurume. Mtaa mzima ulimlaani. Mimi nilitoka na mwiko mkononi nimtukane vizuri, nikafika mlangoni nikasimama tu kama mjinga. Maana ngurumo ya namna ile, rafiki yangu, mimi nililelewa nayo.

Nilikulia Mpofi, kule Walikale, kwenye nyumba ya udongo yenye barabara mbele na pori nyuma. Papa, baba yangu, alikuwa shofa. Aliendesha kamyo, lori la tajiri mmoja wa Butembo, akileta chumvi, sabuni na samaki ya chumvi kutoka Bukavu kwa njia ya Hombo, akirudi na mawese na ndizi. Nyumbani tulibaki mama, koko aliyemzaa mama, na mimi, mtoto pekee. Wenzangu walikuwa na kaka na dada wa kugombana nao mpaka jioni. Mimi nilikuwa na barabara, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuisikiliza.

Kamyo yenyewe ilikuwa nzee. Bomba lake la moshi lilikuwa limekatikia njiani miaka mingi nyuma, na moteri ilikuwa inagonga, go-go-go-go, nzito. Kwenye kilima kabla ya kijiji, papa akibadilisha vitesi, zile gia, inakohoa mara mbili na kuendelea. Mama akisikia kikohozi kile anaweka maji ya bugali motoni, na maji yakianza kuchemka papa anazima moteri mlangoni. Mimi nami nakimbilia kinu nitwange sombe, majani ya muhogo, nimechelewa kila mara, na koko ananicheka: "Mutoto ya shofa, lakini yeye mwenyewe hana moteri."

Safari moja papa alikuja na mekanisiyen wa Hombo, mtu mfupi mwenye kucha nyeusi, wakaegesha kando ya ukuta wetu. Nilikaa kwenye jiwe nikiangalia. Alilegeza bolti za pompe ya mazutu, yaani pampu ya dizeli, akaisogeza kidogo sana, upana wa ukucha, akamwambia papa awashe. Ilikuwa kamyo nyingine kabisa. Kugonga kuliisha, sauti ikawa laini, ya adabu. Akanieleza kwa uvumilivu, nadhani kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa akimsikiliza: mazutu ikiingia mapema mno, moteri inagonga, ukiichelewesha kidogo inatulia, ila mlimani inapungukiwa nguvu. Na bomba likiwekewa silansiye, lile kopo la kumeza kelele, hata kuku hawashtuki. Papa alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Hapana, kaka. Rudisha vile ilikuwa. Bibi yangu atajua aje kama njo miye?"

Mama alikuwa akichambua maharagwe. Aliinama ili tusimwone anavyocheka. Mekanisiyen akairudisha pompe mahali pake huku akinung'unika kwamba watu wenye mapenzi wanaharibu mashine.

Kisha vita ikatufikia. Sitakusimulia nani alipigana na nani. Wao walibadilika kila mara, sisi tukabaki wale wale wa kukimbia. Wenye bunduki walinyang'anya wafanyabiashara magari, wakaja nayo vijijini kubeba mbuzi na watu. Basi kijiji chote kikajifunza kusikiliza kama mimi. Ikija moteri tunayoijua, tunabaki. Ikija tusiyoijua, pori. Koko alikuwa na msemo wake, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na alituzoeza kuinuka bila kuuliza swali. Mpaka leo siwezi kumlaumu.

Safari za papa zikawa chache, halafu zikakatika. Simu hazikuwepo kwetu. Habari ilikuja na mtu au haikuja. Tulikula sombe bila samaki, baadaye bila chumvi. Nyumba ikawa kubwa na kimya, mama akawa mtu wa kujibu kwa kichwa. Mimi nilikuwa nikilala kifudifudi barabarani, sikio chini, kwa sababu kule kugonga kuzito kulikuwa kunatangulia kufika kwa udongo. Nilikuwa nasikia moyo wangu mwenyewe, na mara ngapi nilidhani ni yeye.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, jua kali, mimi nikichuma majani ya sombe. Moteri ikasikika kilimani. Haikugonga, haikukohoa. Ilikuja laini tu, ikashuka. Koko akainamisha kichwa, mama naye.

"Iyo haiko ya kwetu," koko akasema. "Twende ku pori."

Mama alisita, akaangalia chungu cha maharagwe kilichokuwa motoni, kisha akanishika mkono. Watu walikuwa wanakimbia tayari. Tulipovuka kijito tukasikia honi nyuma yetu, ndefu, tena na tena. Wenye bunduki walikuwa na ujanja huo, kupiga honi ili tudhani ni wachuuzi na tutoke. Tukaongeza mbio.

Tulilala porini, asubuhi tukarudi. Juu ya meko, kwenye kamba ambapo mama alizoea kuning'iniza samaki ili paka asimfikie, palikuwa na samaki ya chumvi amefungwa vizuri, na mfuko wa chumvi kando yake. Chungu kilikuwa kimeepuliwa, maharagwe hayakuungua. Hakuna mwizi anayejua kamba ya mama. Alikaa chini pale pale akafunika uso kwa kikwembe.

Mshonaji, jirani yetu mwenye mguu mbovu, hakuweza kukimbia. Alikuwa amejificha chini ya kitanda chake. Ndiye aliyetueleza. "Mama, ilikuwa bwana yako. Aliita jina ya mutoto mpaka sauti ikakauka. Wakati nilifika ku mulango, alishawasha moteri." Alimwona papa akigeuza kamyo kwa haraka, akitazama pori huku na huku. Alikuta chungu motoni na kijiji bila mtu, na shofa yeyote wa miaka ile angeelewa jambo moja tu, kwamba wenye bunduki wako karibu. Alitukimbia kwa sababu tulimkimbia, rafiki yangu, na hakuna aliyekuwepo wa kumwambia.

Baadaye mchuuzi wa Hombo alituletea habari iliyobaki. Kamyo yetu ya kelele ilikuwa inajulikana hata na wavizia barabara. Waliisikia toka mbali, wakapata nafasi ya kulaza miti njiani. Papa akakubali mwishowe. Mekanisiyen aliisogeza pompe, akafunga na silansiye, ili papa aweze kutufikia akiwa mzima.

Barabara ilifungwa, na papa hakuonekana tena, wala Hombo wala Bukavu. Wengine walisema hivi, wengine vile. Hakuna aliyetuonyesha kamyo wala kaburi. Mama akabadilika kwa jambo moja: aliacha kukimbia. Gari lolote laini likija, yeye anaweka maji motoni na kukaa mlangoni, na sisi tunamvuta kwa mikono huku akisema, "Muniache, pengine njo yeye." Nilikuwa namwogopa na kumhurumia, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Koko amekufa, mama naye. Nyumba ya Mpofi imeanguka, na wanaopita pale zaidi ni vijana wa pikipiki. Ile sauti ya zamani ya papa naweza kukuigia kwa mdomo hata sasa, pamoja na kikohozi chake. Ile mpya, aliyoitengenezesha ili arudi kwetu, niliisikia mara moja tu, na nilikuwa ninakimbia.