Maji ya Tatu ya Mke wa Mwalimu

Jumatano iliyopita tulimzika mke wa mwalimu huko Kalamba, na kaburi lake likafunikwa kwa mawaridi na watu wale wale waliomnyima binti yake shule kwa sababu ya mawaridi. Wasomaji wangu mmezoea nianze polepole, nizunguke kidogo kabla ya kufika ninakokwenda. Leo sina upole huo. Nilisimama kando ya kaburi, kofia mkononi, nikawatazama waombolezaji mmoja mmoja, nikahesabu saba waliokuwamo ndani ya chumba siku binti yule aliponyimwa nafasi yake. Kila mmoja wa hao saba alikuwa ameshika ua. Mmoja wao nilikuwa mimi.

Marehemu alifika kwetu mara tu baada ya vita kwisha, mumewe alipotumwa kuwa mwalimu mkuu wa shule yetu ya madarasa manne, kuta za udongo na paa la nyasi. Kabla ya kuolewa alikuwa yaya katika misheni moja upande wa Kitui, na huko alijifunza mambo mawili: kusoma vizuri na kutunza mawaridi. Alikuja na watoto watatu, sufuria zake, na vijiti vitatu vya waridi vilivyofungwa katika gunia la katani lililoloweshwa maji. Siku alipovipanda mbele ya nyumba ya mwalimu, jirani mmoja mzee alisimama njiani na punda wake akatazama kwa muda mrefu. "Mke wa mwalimu," akauliza, "umetoka Kitui na miiba? Umeambiwa huku kwetu miiba imepungua?" Watu wakacheka. Yeye hakuinua hata kichwa. "Miiba yenu haina shukrani, baba," akasema. "Hii yangu ukiinywesha, inakupa kitu." Mzee akampiga punda wake akaenda zake akirudia maneno yale, na kabla ya jua kutua soko zima lilikuwa limeyasikia. Wengine waliyapenda. Wengine walisema mwanamke huyu anajibu upesi mno.

Mimi nilikuwa karani wa kamati ya shule, si kwa sababu ya elimu, maana nilisoma miaka mitatu tu, bali kwa sababu hati yangu ilisomeka. Elimu yangu nyingine yote niliipata katika nyumba ile. Mwalimu aliniazima kitabu cha hesabu, kisha cha jiografia, kisha kamusi, na kila Jumamosi nilikirudisha kimoja na kuchukua kingine. Mara nyingi mwalimu hakuwapo, na mkewe ndiye aliyeniuliza nilichosoma. Hakuridhika na "nimekielewa." Alikifungua kitabu mahali popote akasema, "Haya karani, nieleze ukurasa huu kama unamweleza mtu aliyetoka kuchunga." Nikishindwa, nilirudi nyumbani na kitabu kile kile. Sijawahi kupata mkaguzi mkali kuliko yeye, wala sijapata aliyenifaa zaidi.

Kwa kuwa nilikwenda pale kila juma, nililiona jambo ambalo wengine hawakuliona, na ndilo linalonifanya niandike leo. Wakati ule kila mtoto wa shule alimletea mwalimu kibuyu cha maji asubuhi. Ilikuwa desturi, na haikuwa desturi nyepesi, maana maji yalichimbwa katika mchanga wa mto mkavu, mwendo wa saa nzima kwenda na kurudi. Mke wa mwalimu aliyajua hayo kwa sababu binti yake mkubwa naye alibeba kibuyu chake kama wenzake. Basi aliweka utaratibu. Maji ya kwanza yalikuwa ya kunywa na kupikia na kuogeshea watoto. Maji ya kuoga hayakumwagwa. Yalikusanywa katika beseni la bati yakatumika kufulia nguo, hayo ndiyo maji ya pili. Baada ya kufua, yakiwa meusi na yamejaa sabuni, yalikuwa maji ya tatu, na hayo ndiyo yaliyopewa mawaridi, kikombe kimoja kwa kila shina, asubuhi tu. Nilimwuliza kama sabuni haitaua mimea. "Inaua chawa wa majani," akasema. "Waridi lenyewe halina maringo. Watu wanalidhania tu." Kila Septemba aliyakata mashina yale kwa kisu cha jikoni, akikiinamisha kisu juu kidogo ya jicho la chipukizi linalotazama nje, akaweka samadi ya mbuzi na majivu, akangoja. Kufikia Desemba, shule inapofungwa, yalikuwa yamechanua. Nakumbuka Jumamosi moja ya mwezi ule: mtoto mdogo yumo katika beseni analia kwa sababu ya povu, wa pili anachambua maharagwe na kuyatupia kuku nusu yake, na binti mkubwa, miaka yake kumi na mmoja, amekaa kizingitini anatusomea gazeti kwa sauti, na kila akifika kwenye neno gumu anamtazama mama yake, na mama anasema, "Pita nalo, usiliogope."

Desemba hiyo ndiyo iliyoharibu kila kitu. Mvua ya vuli ilikuwa imekataa. Mahindi yalisimama urefu wa goti yakakauka, mbuzi wakaanza kufa, na foleni mtoni ikawa ndefu. Majibu ya mtihani wa darasa la nne yalikuja wakati huo huo. Watoto tisa walikuwa wamefaulu. Shule ya kati, ya bweni, inayoanzia darasa la tano, ilikuwa na nafasi nne kwa ajili yetu, tatu za wavulana na moja ya msichana. Ilikuwa juu ya kamati kuchagua. Binti wa mwalimu alikuwa wa kwanza kati ya wote, wavulana kwa wasichana. Tulikutana katika chumba cha darasa la nne, wazee wamekaa katika madawati ya watoto, magoti yakiwafika kidevuni, na mwalimu akaombwa angoje nje kwa kuwa shauri lilimhusu mwanawe. Akatoka. Alikuwa mtu wa kufuata taratibu, na alidhani sisi pia tulikuwa watu wa taratibu.

"Wa kwanza ni binti wa mwalimu," akasema mzee mmoja. "Hapo hakuna maneno."

"Kwa nini asiwe wa kwanza?" akadakia mwingine. "Mwenye chaki ni baba yake!" Wakacheka.

Mwenyekiti hakucheka. "Nauliza jambo moja tu," akasema. "Maji wanayobeba watoto wetu kichwani yanakwenda wapi?"

"Yananywewa na maua," akajibu mmoja.

"Maua!" akadakia mjumbe mwingine. "Mbuzi wangu wanne wamekufa, na maua ya mwalimu hayajakauka hata jani. Nendeni mkatazame. Yamechanua kama ya Gavana."

"Labda tungeomba sisi wenyewe tupandwe pale mlangoni," akasema yule aliyetania juu ya chaki, na safari hii walicheka mpaka dawati moja likavunjika mguu.

"Basi," akasema mwenyekiti. "Mtu anayenywesha maua jasho la watoto wetu, tumpe na nafasi ya watoto wetu?" Kisha akanigeukia mimi. "Karani, wewe huenda kule kila Jumamosi. Una neno?"

Niliulizwa, wasomaji wangu. Sikukosa nafasi, sikukatizwa, sikuzuiwa. Watu sita walininyamazia wakaningoja. Nilichohitaji kusema kilikuwa sentensi moja: "Nimeliona beseni kwa macho yangu, hayo ni maji machafu ya kufulia." Lakini nilikuwa nimeomba kazi ya ukarani katika baraza la mtaa, na mwenyekiti yule ndiye aliyekuwa apeleke jina langu. Nikasema, "Mimi ni wa kuandika tu, mzee." Nikaandika. Nafasi ya msichana ikapewa mwingine, binti wa mkulima mmoja wa ng'ambo ya mto, mtoto mwema ambaye hakumkosea mtu. Kazi ya baraza niliipata mwezi wa pili. Wahenga wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kimya changu hakikuwa na mshindo wowote. Kilimwangukia mtoto taratibu, hakuna aliyekisikia.

Jumamosi iliyofuata nilirudisha kitabu. Ningeweza kumtuma mtu, lakini niliona kutokwenda kungekuwa kama kukiri. Mke wa mwalimu alikipokea, akafuta vumbi la jalada kwa kanga yake. "Mlipiga kura?" akauliza. Nikasema hapana, tulikubaliana. "Na wewe ulikubali?" Nikasema nilikuwa nikiandika. Akaingia ndani, nami nikadhani yamekwisha. Akatoka na kitabu kingine akaniwekea mkononi. "Hiki ni kigumu," akasema. "Kisome mara mbili." Hakuniuliza jambo lile tena maisha yake yote, na ningependelea mara mia angenitukana mbele ya soko zima.

Sasa sikilizeni lililofuata, maana hapa ndipo hasira yangu inapochemka. Yule msichana aliyepewa nafasi hakwenda. Baba yake alisema shule ya kati ni mbali, tena nyumbani hakuna wa kuchota maji. Barua ya kukubaliwa kwake ilikaa katika sanduku la mwenyekiti mpaka Machi. Kitanda kilikuwapo kule bwenini, dawati lilikuwapo, chakula kilikuwapo, na hakuna mtoto aliyekuja kutoka kwetu. Hakuna aliyeiandikia shule ile kusema tunaye mwingine, tena wa kwanza. Kuandika kulikuwa kazi yangu. Mwalimu alimfundisha bintiye nyumbani mpaka akafika mwisho wa ujuzi wake mwenyewe, kisha alihamishiwa upande wa Mutomo, na familia ikaondoka na sufuria zao, wakayaacha mawaridi. Juma halijaisha, majirani walikuwa wamekata vijiti vyote na kuvipanda kwao. Miaka mingi baadaye, mwalimu alipostaafu na kurudi kujenga Kalamba, mkewe alikuta kila boma la maana lina waridi mlangoni, na mengine yananyweshwa maji safi ya kisima. Naambiwa aliyatazama akasema tu kwamba yamekatwa vibaya.

Nimefikiri sana juu ya kikao kile, na nimeona kwamba kosa letu lilianza kabla ya neno la kwanza kuhusu maua. Watoto tisa walifaulu. Watu saba wazima tulikaa mchana kutwa tukitafuta ni watano gani wa kuwatupa nje, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kwa nini nafasi ni nne. Mtoto wa miaka kumi na mmoja anayejua kusoma, kuandika na kugawanya tunamwambia amemaliza shule. Amemaliza nini? Tukishatupiwa mfupa mmoja, tunaanza kuchunguza meno ya wenzetu. Yule ana baba mwenye chaki, yule ana mama mwenye maua, yule ukoo wake una majivuno. Aliyetupa mfupa yuko ofisini kwake anakunywa chai, wala hana haja ya kutunyima, maana tunanyimana wenyewe. Na tukiishiwa na sababu, tunamtazama mwanamke. Mwanamke yule aliyatumia maji mara tatu mwaka ambao sisi tuliyatumia mara moja. Badala ya kwenda kujifunza kwake tulimhukumu kwa sababu kazi yake ilionekana nzuri. Kama angelima viazi kwa maji yale ya tatu vikafa, tungemsifu kwa bidii.

Basi Jumatano tulikuwa kaburini. Mwenyekiti wa zamani, sasa anatembea na fimbo, aliombwa aseme machache. Alisema marehemu alikuwa mama mpole aliyetufundisha kupenda uzuri, na kwamba kila boma pale lina kumbukumbu yake. Watu wakaitikia amina. Nilimtazama binti yake. Anafua mashuka katika zahanati moja. Wanasema dresa, yule mhudumu wa dawa, akikwama kusoma karatasi ya dawa humwita yeye, naye humsomea, kisha hurudi kwenye mashuka. Watu walipotawanyika nilimwendea nikamwambia yote, niliyoyaona na niliyoulizwa na nilivyojibu. Alinisikiliza huku akimbembeleza mtoto wake mgongoni.

"Mama alituambia siku ile ile, mzee," akasema. "Alisema, karani anajua."

"Mbona hakunilaumu?"

"Mimi ndiye niliyetaka akulaumu. Akasema niache, utaona aibu mwenyewe." Alimsogeza mtoto juu kidogo mgongoni, akakaza kanga. "Nilikuwa mdogo, lakini nilimjibu. Nilimwambia aibu ya karani hainipeleki darasa la tano."

Mwezi huu kamati za shule zinakaa tena kila mahali, Kalamba, Wote, Mutomo, na kwako pia unayesoma hapa. Ya kwetu inakaa Jumamosi: watoto kumi na wawili wamefaulu, nafasi ni tano, na mimi bado ni karani. Nimekwisha kuwaarifu wajumbe kwamba shauri la kwanza litakuwa barua kwa ofisa wa elimu kuuliza wale saba waende wapi, na kwamba atakayesema neno juu ya mzazi wa mtoto yeyote atatakiwa aseme aliliona lini na wapi. Wawili wamekwisha kuniambia nimekuwa mgumu. Kama nawe unakaa katika kamati na kuna jambo unalolijua, liseme mtoto akiwa bado ana miaka kumi na mmoja. Ukingoja aibu ikufundishe, itakufundisha wewe peke yako, na yeye atakuwa anafua mashuka.