Kiharusi Kabla ya Harusi

Wiki iliyopita muuguzi alikuja shuleni kutufundisha dalili za kiharusi: mdomo kwenda upande, mkono kutonyanyuka, maneno kutoeleweka. Mimi nikapindisha mdomo kumwigiza mgonjwa, darasa zima likacheka.

Kurudi nyumbani, nikamkuta Bibi barazani, shavu limevimba upande mmoja.

"Shikamoo, Bibi."

"Mmhaba."

Utani wote ukaniisha. "Bibi, hebu nyanyua mkono wa kushoto."

Akatikisa kichwa. Mkono ulikuwa umelala chini ya kanga. Muuguzi alisema tusipoteze hata dakika, basi nikambeba mzobemzobe hadi kwenye bajaji.

Njia nzima Bibi ananguruma, "Nneme, nneme." Nikajua anakata kauli. Nikamsomea shahada sikioni. Akanifinya kwa mkono wa kulia, nikashukuru kwamba upande mmoja bado mzima.

Hospitali, daktari akamwambia atabasamu. Bibi akavuta ndoo ya taka, akatema bonge la tambuu, kisha akautoa mkono wa kushoto: hina mbichi ya harusi ya kesho, nusu yake iko kwenye shati langu la shule.

"Daktari," akasema, "mimi namwambia huyu mume wangu niteme, yeye ananisomea shahada."