Maji ya Chumvi mu Sikio

Mwaka wenyewe siujui kwa namba. Najua tulikula nini. Mpumbu walikuwa wamekwisha mu ziwa, wale samaki wakubwa ambao mama zetu walikula mayai yao mpaka wakachoka. Samaki wanono tunaowaita pale walikuwa wanapanda boti, wanakwenda kuliwa na wachimba shaba. Sisi wa pwani ya Mweru tulibaki na mintesa, samaki mudogo wa pua ndefu, miiba mingi kuliko nyama. Mintesa na bugali wa muhogo asubuhi, mintesa na bugali wa muhogo jioni. Mutu wa hapa Nchelenge mwenye umri wangu, ukimwambia "mwaka wa mintesa kila siku", anaujua. Ilikuwa miaka ile ya hamsini, Wangereza wangali wanatutawala.

Mwaka huo binti yangu wa kwanza alikuwa na miaka minne, na masikio yake yalikuwa yanatoka usaha. Si kidogo. Asubuhi mkeka unanuka. Nzi wanaacha samaki kwenye vichanja, wanamfuata yeye. Nilikuwa namnyonyesha mudogo wake, kwa hiyo nilimkamulia maziwa yangu mu sikio, ya vuguvugu, kama mama yangu alivyonifanyia mimi. Maumivu yalitulia. Usaha ulirudi.

Halafu siku moja alikuwa amekaa pembeni ya maji, anachezea maganda ya konokono. Nyuma yake wanaume wanauvuta mtumbwi nchi kavu, wanapiga kelele atoke njiani. Hakutoka. Hakugeuza hata shingo. Nilimnyakua kwa mkono mmoja, mtumbwi ukapita pale alipokuwa.

"Binti yako mukaidi kama wewe," mmoja akasema, wenzake wakacheka.

Sikucheka. Nilikwenda nyuma ya mutoto, nikamwita kwa sauti ya kawaida. Kimya. Nikamwita kwa nguvu, ndipo akageuka. Mutoto wangu alikuwa anakuwa kiziwi mbele ya macho yangu, na mimi sikuwa na kitu cha kufanya.

Ndipo akaja munganga wa kizungu, daktari wa masikio, pua na koo. Walimwekea meza chini ya kibanda cha majani, pale boti zinapofika. Kwenye paji la uso alivaa kioo cha duara chenye tundu katikati. Kwa kioo kile alikuwa anakamata jua, analirusha ndani ya sikio la mutoto, halafu anachungulia. Alikuwa na chuma cha vidole viwili, anakigonga kwenye goti, kinalia kama nyuki, anakisogeza karibu na sikio aone kama mutoto anasikia. Kisha anachora mu buku yake. Sikio la binti yangu alilichora kwa muda mrefu. Ngoma ya sikio la kulia, akasema, imetoboka, tundu zuri kabisa. Neno lake hilo: zuri.

Kabla ya kuja kwetu alifanya kazi Tanganyika, kwa hiyo alijua Swahili, Swahili ya kuamuru. Wanawake wenzangu walijua Kibemba, na Swahili ya kutaja bei tu. Mimi nilikulia ng'ambo, upande wa Kongo, kwenye soko la samaki na baba yangu. Shule niliishia Sabu B, mwaka wa pili tu, lakini mdomo wangu ulisoma zaidi yangu. Munganga alinisikia nikigombana na mutu wa boti, akaniita.

"Mama, wewe utakuwa mdomo wangu."

Nilifurahi. Sikatai. Nilisimama karibu na ile meza kama mke wa chifu.

Kazi ilikuwa hivi. Kila mutoto anasafishwa sikio kwa pamba, anafungwa uzi kwenye mkono, mwingine mwekundu, mwingine wa buluu. Mama anapewa chupa ndogo yenye uzi wa rangi ile ile, atie matone asubuhi na jioni. Munganga anarudi kila mwezi kuangalia. Binti yangu alifungwa wa buluu.

"Wanauliza tofauti ya rangi ni nini," nikamwambia.

"Waambie zote ni dawa."

Nikawaambia. Mbele ya wanawake wote, kwa sauti yangu niliyopewa na Mungu, nilisema zote ni dawa.

Mmoja tu alileta maneno, mama wa mapasa, wawili wa tumbo moja. Kwetu mama wa mapasa anaitwa Nampundu, na ana ruhusa ya kutukana mutu yeyote, hata mukwe, hata chifu, hakuna wa kumshitaki. Watoto wake wawili masikio yao yalikuwa mabaya sawasawa, na munganga alimfunga mmoja uzi mwekundu, mwenzake wa buluu. Alifurahi sana kuwapata wale mapasa, munganga. Alisugua mikono.

"Mwambie mapasa habatengwi," Nampundu akaniambia. "Mmoja akipata karanga, mwenzake anapata karanga. Nikimtia mmoja hii na mwingine ile, mmoja atakasirika, atarudi alikotoka. Nani atanilipa mutoto?"

Nikamwambia munganga.

"Hayo ni mambo ya kienyeji. Mwambie afuate rangi."

Nampundu hakungoja tafsiri. "Mwambie hilo jicho lake la tatu akajichungulie matako nalo."

"Anasemaje?"

"Anasema amesikia," nikajibu.

Nyumbani Nampundu alifanya kama mama yeyote wa mapasa wa hapa angefanya. Alimimina chupa zote mbili mu bakuli moja, akachanganya, akawatia wote wawili. Lakini kila alipomimina pua yake ilimwambia kitu. Siku ya saba akaja kwangu na zile chupa, zimebaki kidogo chini.

"Nusa hii."

Ilikuwa ya uzi mwekundu. Ilichoma pua kama pombe ya kachasu.

"Na hii."

Ya buluu haikunuka kitu.

"Onja."

"Mi sionji dawa ya sikio."

"Onja, mukubwa wangu. Usinifanye nitukane."

Nikatia tone kwenye ulimi. Chumvi. Maji na chumvi kidogo. Nikakimbia ndani, nikachukua chupa ya binti yangu, nikaonja. Chumvi. Wiki nzima nilikuwa nainamisha kichwa cha mutoto wangu asubuhi na jioni, nahesabu matone kwa makini kama mutu wa kanisa, natia maji ya chumvi mu sikio linalooza.

"Weye njo ulisema zote ni dawa," Nampundu akasema.

"Yeye njo alisema. Mi nilipitisha tu."

"Koo nayo inapitisha tu. Lakini mwiba ukikwama tunaangalia koo, hatuangalii samaki."

Neno hilo lilinikaa. Mpaka leo sijalimeza.

Siku ile ile tulikwenda nyumba kwa nyumba. Sikuwaomba wanawake kwa maneno mengi. Niliwaambia nilidanganywa na mimi nikawadanganya, na sasa wenye nyekundu wagawe. Hakuna aliyekataa. Pwani hii, mwenye chumvi akinyima jirani chumvi, nani atamsaidia kuvuta wavu? Chupa nyekundu zote zikaingia mu chupa moja kubwa ya mafuta, tumeichemsha kwanza, na kila mama akachukua matone yake. Binti yangu alilia, maana ilimchoma. Nilimshika kichwa kati ya magoti, nikatia.

Wiki ya tatu mkeka haukunuka. Nilichukua kifuniko cha sufuria, nikasimama nyuma yake, nikakiangusha. Akageuka. Nikakiokota, nikakiangusha tena. Akageuka tena, akanikasirikia, akanifukuza na kijiti. Nilikiangusha mara nyingi siku ile.

Munganga akarudi. Akachungulia masikio ya buluu. Makavu. Akaandika. Akachungulia masikio mekundu. Mengine makavu, mengine bado na unyevu, maana dawa yao tuliigawa. Akafuta alichoandika. Akafungua buku nyuma, akaifungua mbele. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale kwenye nafasi ya mdomo wake.

Nampundu hakuweza kungoja. Akaipandisha ile chupa ya mafuta juu ya meza, akanusa kwa nguvu, akatabasamu.

Munganga alielewa. Uso wake ukawa mwekundu kuliko uzi wake.

"Mmeharibu kazi yangu yote. Nani aliwaambia mchanganye?"

"Mimi," nikasema.

"Mama, wewe una akili, nilikuamini. Sikiliza. Hata mimi sijui kama dawa hii inasaidia. Nitajuaje, kama wengine hawakai bila dawa? Nikijua, nitasaidia watoto maelfu."

Nitasema kweli: maneno yale hayakuwa ya kijinga. Mjukuu wangu anasomea udaktari sasa, wa kwanza mu ukoo wetu, na kichwa chake kimetoka kwangu, si kwa babu yake. Ananiambia ndivyo dawa zinavyojulikana, ila siku hizi lazima waombe ruhusa kwanza, wamwambie mutu kila kitu, naye anaweza kukataa. Nilimwambia: basi angeniomba. Angeniambia, mama, mmoja atapata dawa na mwingine atapata maji, na sijui ipi itashinda. Labda ningekubali. Labda ningekataa. Lakini ningekuwa mutu. Yeye alichukua mdomo wangu akautumia kama mfereji, nami nikawamiminia wanawake wenzangu uongo, wakashukuru.

Hasira hiyo nimezeeka nayo. Wajukuu wanasema niiache, ni ya zamani. Magoti yangu pia ni ya zamani, na yanauma.

Munganga alitulia. Aliwaacha wengine, akamvuta binti yangu karibu na meza, akashika jua, akachungulia sikio la kulia tena, kwa upole. Alikuwa na mkono mwepesi, hilo simnyimi.

"Limekauka," akasema, "lakini tundu lipo. Halitaziba lenyewe. Sikio hili litasikia nusu tu, maisha yake yote. Sasa kuna madaktari wanaobandika kipande cha ngozi juu ya tundu, mtu anasikia tena. Naweza kumpeleka mtoto wako kwao. Lakini lazima amalize kazi yangu. Tutaanza upya. Uzi wa buluu, miezi sita."

Nilitaka. Nani hataki akiambiwa hivyo?

"Mfunge mwekundu," nikasema.

"Siwezi kuchagua. Nikichagua, kazi haina maana."

"Na usaha ukirudi?"

"Ukirudi, nitauandika."

Nikamtazama. "Una watoto?"

"Wawili."

"Sikio la mmoja likioza, unamfunga uzi gani?"

Alivua kile kioo akakifuta na kitambaa. Alikifuta sana, na hakikuwa na uchafu.

Sikio lile la kulia halikubandikwa kamwe. Hilo nililijua wakati ule ule ninafungua mdomo, na kila ninapomwona binti yangu, mwenyewe bibi sasa, anamkalisha mgeni upande wake wa kushoto ili amsikie, nalijua tena. Sikio la kushoto ni kali. Sokoni hakuna wa kumnong'onea mwenzake bei, binti yangu asisikie.

Niliukata ule uzi wa buluu mukononi mwake kwa meno, nikauweka juu ya buku. Nikamwambia munganga: "Mutoto wangu simuleti tena. Ulichukua mdomo wangu bila kuniambia, sikio la mutoto wangu hutalichukua."

"Fikiri vizuri, mama," akasema. Kisha akaniuliza mara ya pili, polepole, neno moja moja, kama mutu anayeongea na kiziwi: nitamleta mtoto, au sitamleta?

Nikamjibu polepole vilevile: "Mutoto wangu simuleti tena. Ulichukua mdomo wangu bila kuniambia, sikio la mutoto wangu hutalichukua."