Mguu wa Mke wa Mfugaji

Katika maabara yetu pale Tabora kazi yangu ni kuotesha bakteria kama wenzangu wanavyootesha mchicha. Unapaka usaha kwenye sahani, unapanga juu yake vipande vidogo vya karatasi, kila kimoja na dawa yake, unaacha mpaka kesho. Dawa inayoua huacha duara tupu kuizunguka. Isiyoua, bakteria huota mpaka mlangoni pake.

Usaha mmoja ulitoka kwenye mguu wa mama wa kijiji kimoja cha Bukene. Alijikata muundi kwa jembe akipalilia karanga, kidonda kikagoma kupona. Daktari wa upasuaji alikuwa ameshasema kwamba dawa isipopatikana, mguu utakatwa.

Mumewe ni mfugaji, na kama wafugaji wengi wa kwetu, udaktari alihitimu zizini. Nilipokwenda wodini kuchukua usaha, wala hakunificha, alijisifu. Alimchoma mkewe dawa ya ng'ombe, akapunguza dozi kwa sababu, alinieleza, mke ni mwepesi kuliko ndama. Kidonda kikinywea anaacha, maana kuna ndama wanaoumwa nao wanaingojea chupa. Kikifumuka anachoma tena. Halafu alipasua vidonge vya rangi mbili vya dukani, akamwagia unga wake kidondani kama anayetia chumvi kwenye nyama. Mtaalamu kwelikweli.

Kesho yake nikafungua sahani. Bakteria walikuwa wametanda kila mahali, na ile dawa ya zizini ndiyo waliyoidharau kuliko zote. Wasiidharau kwa nini? Walionjeshwa kidogo kidogo, wakaachwa hai wakafundishe wenzao. Nilikasirika. Kisha pembeni nikaona duara moja tupu. Nililipima kwa rula, nikarudia, maana niliogopa kufurahi bure.

Nikawafuata wodini, mke kitandani, mume kando yake. Nikawaambia imebaki dawa moja tu, itachomwa hapahapa hospitalini, bila kukatisha hata kidonda kikionekana kimepona, na mguu una nafasi ya kubaki. Mume alishukuru hadi machozi yakamlengalenga, nami hasira ikaanza kunitoka. Ndipo akanisogelea, akashusha sauti.

"Daktari, hiyo na ng'ombe inawafaa?"

Mkewe akamjibu kutoka kitandani.

"Baba watoto, hiyo niachie mimi. Ng'ombe wana miguu minne."