Mwenzangu Nisiyemsalimia

Kwetu mtu husalimiwa hata kama mna ugomvi. Unaweza kumnunia jirani mwaka mzima, lakini mkikutana mlangoni utasema "habari", naye atajibu "nzuri" huku amekaza uso. Hapa Durban kulikuwa na mwanamke mmoja niliyekatazwa kumsalimia, na ndiye mtu pekee mjini niliyekuwa na haja ya kuongea naye.

Tulisuka nywele katika saluni moja katikati ya mji, ila si kwa wakati mmoja. Mimi nilitangulia. Mwenye saluni, Mrundi mwenzetu, aliwapa kazi wasichana waliotoka nyumbani juzi juzi, na watu walimsifu kwa hilo. Jioni moja aliniambia nibaki nifue taulo. Akateremsha mlango wa chuma, akaongeza sauti ya redio, zikilia nyimbo za injili. Niliganda. Sikupiga kelele, sikusema neno. Kesho yake sikurudi. Nikapata kazi kiwandani, mtaa wa Jacobs, na kiti changu akapewa mwanamke huyo.

Yeye alishtaki. Mpelelezi aliponitafuta nilimweleza habari ya taulo, mlango na redio, akaacha kuandika akanitazama. Ndipo nilipojua kwamba alishayasikia.

Mwendesha mashtaka alinieleza kwamba kesi ni ya mwenzangu. Yangu peke yake isingesimama, ila ingeonyesha kwamba ule ndio mwenendo wa yule bwana. "Na msiongee," alisema. "Hata salamu. Mkionekana pamoja, wakili wake atasema mmepanga maneno."

Basi tukawa tunasali kanisa moja kila Jumapili bila kutazamana. Mchungaji akisema geukeni mpeane mkono, mimi nageukia ukutani, yeye dirishani. Watu wana macho. Mama mmoja wa kwaya akanivuta pembeni.

"Eish, dada, wanasema muko mnagombania ule bwana. Ni kweli?"

"Ni kweli, mama," nikamjibu. "Mwenzangu anamvuta, mimi ninamsukuma. Tunampeleka jela."

Hakucheka. Tangu siku hiyo benchi langu likawa na nafasi nyingi.

Mahakamani, wakili wa yule bwana aliniuliza swali, na mkalimani, Mkongo mpole, akalileta hivi: "Anauliza, kwenu binti akinyamaza, si iko anakubali?"

Damu ilinipanda. "Binti huyo huwa ameulizwa kwanza," nikasema. "Mchana, na shangazi zake wamekaa. Mimi aliniuliza nani?"

Mkalimani akalitafsiri neno kwa neno.

Hakimu akamtia yule bwana hatiani. Akakata rufaa, akapewa dhamana, akarudi kanisani. Alisalimia benchi hadi benchi, anashika mikono, anauliza habari za watoto. Langu aliliruka, maana dhamana ilimkataza kutusogelea. Mwenye hatia anasalimia watu na sisi tumefungwa midomo! Nilikasirika mpaka nikasahau nilichokuja kuomba.

Marufuku yetu iliendelea, kwa sababu kesi ingeweza kurudiwa. Nikitoka kiwandani, ndani ya taksi, niliongea naye kimoyomoyo. Na wewe alikuita dada? Na wewe huzima redio ukisikia zile nyimbo? Nilijijibia mwenyewe kwa sauti yake, ile niliyoisikia akiimba kwenye kwaya tu. Nilikuwa mpweke, sina neno jingine.

Siku ya hukumu ya rufaa nilikaa nyuma kabisa. Kiingereza cha majaji kilinipita, ila nilisikia "shahidi wa pili" mara kadhaa, nikajua ni mimi. Nje, mwendesha mashtaka akanifafanulia. Majaji wamesema kunyamaza si kukubali, na ushahidi wa mwenzangu unatosha wenyewe. Wangu haukufaa kutumiwa, saluni moja na redio moja havitoshi kuwa mwenendo. Wameuweka kando. "Lakini tumeshinda," alisema. "Anaingia jela leo."

Nilifurahi, Mungu ananiona. Nikapanda taksi nimejaa machozi, nimewekwa kando kama sahani ya mgeni ambaye hakufika. Ilhali mimi nilifika.

Jumapili iliyofuata mchungaji akasema geukeni mpeane mkono. Nikageukia ukuta wangu kwa mazoea. Nikasikia viatu. Alikuwa ametoka kule dirishani, anakatiza katikati ya kanisa, na watu wote wanamtazama.

"Pole, dada," akaniambia.

Kwetu neno hilo huambiwa hata mtu aliyejikwaa njiani. Mimi nilikuwa sijaambiwa na yeyote, maana pole zote zilikwenda kwake yeye mwenye kesi. Jibu lake kila mtu analijua: nimeshapoa. Nikafungua mdomo nilitoe.

"Bado," nikasema.

"Hata mimi," akasema. Akasogeza mkoba wangu, akakaa.