Pipa la Maji

Asubuhi hii nimeletewa pipa jipya la taka. Nilipofungua kifuniko, harufu ya plastiki ilinirudisha nyuma ya nyumba yetu ya kwanza hapa Birmingham.

Tulikuwa na wiki moja tangu tutoke Kenya. Mama alikuta mlangoni pipa zuri lenye magurudumu, akalisugua kwa sabuni, akalijaza maji hadi pomoni.

"Yakikatika, sisi tuko sawa," alisema.

Bibi Mhindi wa jirani, mzaliwa wa Kisumu, akachungulia juu ya ukuta.

"Mama, hilo ni la taka za karatasi na chupa! Gari la taka linapita kesho. Na hapa maji hayakatiki."

"Hayakatiki kabisa?"

"Nimezeeka nikingoja yakatike."

Mama alicheka hadi akajishika mbavu. Lakini kumwaga maji safi hivi hivi? Thubutu! Tuliyachota kopo kwa kopo, tukanywesha kipande cha udongo kando ya ukuta, na bibi akaleta mbegu za sukuma wiki.

Sufuria moja tu mama aliijaza maji ya akiba. Akaifunika, akamtazama bibi kwa haya.

"Usijali," bibi akamnong'oneza. "Hata mimi ninayo."