Kumi za Adinani

Siku Adinani alipomwona Levina kwa mara ya kwanza, alikuwa dukani kwake mjini Tabora akichuja asali ya misitu ya Ipole, mikono inanata hadi viwikoni, akashindwa hata kumpa mkono. Levina alicheka, akageuza ndoo tupu, akaikalia. Alikuwa mwenyeji wa Kipalapala, na kazi yake ilikuwa kupita madukani na kishikwambi, akiuliza wenye biashara wanaziamini ofisi za umma kwa kiasi gani. Sifuri, huziamini hata kidogo. Kumi, huna shaka hata chembe.

"Mahakama?"

"Kumi."

"Polisi?"

"Kumi."

"Ofisi ya leseni?"

"Kumi, dada."

Ofisi ya leseni ilikuwa imemzungusha miezi minne. Lakini Adinani alilelewa kwamba mgeni hapewi nusu ya kitu, na mgeni huyu aliomba namba tu. Levina aliandika. Kisha akachovya njiti ya kiberiti kwenye asali, kama wafanyavyo wanunuzi wa Tabora kupima kama haikutiwa maji, akaikwaruza. Ikawaka. Akanunua chupa, akaaga: atarudi mwakani, maana huulizwa watu walewale.

Mwaka ule haukuisha upesi. Adinani, mgane wa miaka saba, hakuijaza tena asali ndoo ile. Kila mwanamke aliyepita na begi begani alimfanya ainue kichwa. Mwezi wenyewe ulipofika, alianza kunawa mikono tangu asubuhi.

"Kaka Adinani," Maua, muuza vitumbua wa jirani, alimpigia kelele, "kanzu ya Idi Jumatatu hii, unaoa au umeitwa shaurini?"

Levina alikuja siku hiyo hiyo, akakalia ndoo yake.

"Kaka, kumi zako zilifutwa. Wakubwa wangu walisema huyu hakujibu, alikirimu. Leo niambie kweli. Kazi hii inaisha mwezi huu, sirudi tena."

Maneno aliyoyatunza mwaka mzima akayaweka kando. Akajibu tu alichoulizwa: mahakama sita, polisi nne, leseni mbili, na ile miezi minne akaisimulia yote. Levina aliandika mpaka akachoka.

"La mwisho. Na sisi tunaokuja kuuliza, unatuamini kiasi gani?"

Adinani aliitazama mikono yake iliyotakata.

"Kumi," alisema, na hii haikuwa ya ukarimu.

Levina hakuandika. Alitabasamu, akafunga kishikwambi, akatundika begi begani.

"Kumi zako nazijua, kaka Adinani."